Gari ya Zamani Yenye Utamu wa Kuendesha, na Watoto Watatu Nyuma: Namna ya Kuichagua

Mtoto wetu wa tatu alipozaliwa ndipo nilipotambua kwamba Altezza yangu ina nafasi ya watu wawili tu nyuma. Kadi inasema abiria watano, lakini katikati ya kiti cha nyuma limepita tuta la propela, na anayekaa pale hana pa kuweka miguu. Kwa miezi mitatu mama watoto alisafiri amebanwa katikati ya viti viwili vya watoto, magoti yakimgusa kidevu, na hakulalamika hata mara moja. Kila niliyemweleza alinipa ushauri uleule: uza, nunua Noah.

Noah ni gari nzuri na sina neno baya juu yake. Ila mimi napenda kuendesha. Napenda gari inayoingia kwenye kona ikiwa imetulia na injini inayoitika ukiigusa, na sikuona kwa nini kupata watoto kunilazimishe kuiaga furaha hiyo. Nilitafuta kwa miezi minane, nikakagua gari zaidi ya ishirini Dar es Salaam, Morogoro na Arusha, na mwisho nikanunua Subaru Forester SG5 ya mwaka 2004. Huu ndio utaratibu nilioufuata, pamoja na mambo ambayo ningeyafahamu mapema yangeniokolea pesa.

Msingi wake ni mmoja. Tukifika yadi, wengi wetu tunakimbilia boneti. Kwa gari ya familia, fungua mlango wa nyuma kwanza. Gari ikishindwa pale, usiulize hata bei.

Hatua ya kwanza: ipime familia yako

Kabla ya kutazama tangazo lolote, chukua karatasi uandike nani atakaa wapi. Si leo tu. Andika na miaka mitatu ijayo. Mtoto mchanga anakaa kwenye kiti kinachotazama nyuma, na kiti hicho kinakula nafasi kubwa: mara nyingi kiti cha mbele kinalazimika kusogezwa mbele mpaka abiria agonge dashibodi kwa magoti. Usiwaze kukihamishia mbele. Kiti kinachotazama nyuma hakikai mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko ukilipuka unapiga mgongo wa kiti palepale kilipo kichwa cha mtoto.

Halafu chukua futi ya fundi cherehani, upime upana wa viti vya watoto ulivyonavyo. Vingi viko kati ya sentimita 44 na 50. Vitatu pamoja vinaweza kufika mita moja na nusu, na hapo ndipo gari nyingi za ukubwa wa kati zinapokwama. Sisi tuliokolewa na mkubwa wetu, ambaye alishafikia umri wa kukalia kile kiti cha kuinulia tu kisicho na mgongo mpana. Kama watoto wako wote watatu bado wanahitaji viti kamili, orodha yako itafupika sana, na ni afadhali kulijua hilo ukiwa nyumbani.

Andika pia safari zenu. Sisi ni shule kila asubuhi kwa foleni ya Mwenge, sokoni Jumamosi, na Moshi kila Desemba. Safari ya Desemba ndiyo inayoamua ukubwa wa buti: mabegi matano, ndoo ya zawadi za bibi, na tukirudi kuna mkungu wa ndizi.

Hatua ya pili: igawe pesa kabla dalali hajaigawa

Kosa la kawaida ni kupeleka pesa yote kwenye bei ya gari. Gari yenye miaka ishirini itadai chake ndani ya miezi mitatu, hata ikiwa nzuri namna gani. Mimi nilitenga robo ya fedha zangu kwa matengenezo ya mwanzo, na karibu yote ilikwenda: mkanda wa taimingi, shokapu za nyuma, tairi nne, rejeta.

Kuna pia suala la kununua nchini au kuagiza Japani. Tanzania inatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, na gari iliyozidi miaka kumi inatozwa zaidi ya ile iliyozidi minane. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, wana kikokotoo mtandaoni: unaingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini, unaona makadirio ya kodi. Kitumie kabla ya kuzungumza na wakala yeyote. Kwa gari za rika hili mara nyingi kodi inaipita bei ya gari yenyewe, ndiyo maana mimi nilinunua iliyokwisha kuingia. Ndugu zetu wa Kenya hawana hata uchaguzi huo, maana kwao gari iliyozidi miaka minane hairuhusiwi kuingia, kwa hiyo gari ya zamani wanaitafuta humohumo nchini.

Ukiamua kuagiza, dai karatasi ya mnada ya Kijapani, ile ya asili, kisha mtafute wa kukusomea. Daraja la 4 au 4.5 ni gari safi, 3.5 ina mikwaruzo ya umri. Herufi R au RA maana yake gari iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu. Ukiona S nyingi, kaa mbali. Gari za Hokkaido na mikoa mingine ya theluji hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na kutu yake inaanzia chini, mahali ambapo picha za tangazo hazifiki.

Hatua ya tatu: wagombea

Nitazitaja nilizozikagua kwa mikono yangu.

*Subaru Forester SG5 (2002 hadi 2007).* Injini yake, EJ20, ina silinda nne zilizolazwa, mbili kila upande, kwa hiyo uzito uko chini na gari inakaa barabarani kuliko umbo lake linavyoonyesha. Inavuta kwa tairi zote nne wakati wote. Iko juu kiasi cha kupita matuta yetu bila kukwangua, na vioo vikubwa vinawapa watoto mandhari, jambo linalopunguza kichefuchefu. Ipo ya kawaida na ya turbo. Ya turbo ni tamu mno, lakini inakunywa. Kwenye foleni ya Dar yangu inapata kilomita saba hadi nane kwa lita, na oili lazima uipime kila wiki bila uvivu. Kama kila siku uko kwenye foleni, chukua isiyo na turbo. Gari inabaki ileile kwenye kona. Udhaifu: kiti cha nyuma si kipana, na milango haina fremu juu ya vioo, kwa hiyo mpira ukichoka, vumbi na mlio wa upepo vinaingia.

*Toyota Mark II Blit (2002 hadi 2007).* Kwangu mimi ndiyo gari nzuri kuliko zote ambayo sikuinunua. Ni GX110, ile Mark II mliyoizoea, ila ina buti refu la stesheni wagoni. Injini ina silinda sita kwenye mstari mmoja, laini kama maji mtungini, na inasukuma kwa tairi za nyuma. 1G-FE ya lita 2 inatosha kabisa kwa familia, na spea zake zimejaa Kariakoo. Za lita 2.5 ziangalie kwa makini: zipo zenye injini ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na mafundi wetu wana sababu ya kuikimbia, kwa maana pampu ya mafuta ya presha na nozeli zake ni ghali na hazisamehe mafuta machafu. Nilimkosa mtu wa Arusha kwa siku moja tu, na bado naiwaza ile gari. Ubaya wake ni kwamba iko chini. Kama barabara ya kwenu ni ya mawe, utaisikia ikilia.

*Toyota Altezza Gita.* Ina buti kubwa zaidi ya Altezza ya kawaida, lakini tuta la katikati liko palepale. Inafaa watoto wawili, basi.

*Toyota Caldina GT-Four (2002 hadi 2007).* Turbo, tairi nne, mwendo wa kutisha. Nilizokutana nazo zote zilikuwa zimepita mikononi mwa vijana wa mbio, na ilionekana. Ukipata ya mzee mmoja mtulivu, ichukue.

*Land Cruiser Prado ya kizazi cha 90 (1996 hadi 2002).* Hii ni raha ya namna nyingine. Haikimbii kwenye kona, inalala. Lakini ukimwambia mtoto wa miaka saba kwamba leo tunapita njia ya porini, uso wake utakuonyesha kwamba raha si mwendo peke yake. Ya dizeli, yenye injini ya 1KZ, hakikisha mfumo wa kupoza ni mzima, kwa sababu silinda hedi yake ikipata joto kupita kiasi inapasuka.

Hatua ya nne: anza mlango wa nyuma

Nenda na viti vya watoto vyote. Ndiyo, vibebe. Muuzaji atakushangaa, na muuzaji asiye na subira ya dakika kumi ameshakueleza jambo kuhusu gari yake.

Gari nyingi za Japani za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 hazina vile vyuma vya ISOFIX vya kunasia kiti, kwa hiyo mkanda wa gari ndio utakaoshika kila kitu. Uvute mkanda wote mpaka mwisho. Tazama kama umechanika pembeni, au umekauka na kuchakaa kwa jua. Uachie: unarudi wenyewe? Uvute kwa kishindo: unajifunga? Kisha chunguza kiti cha katikati. Gari nyingi za rika hilo zina mkanda wa kiunoni tu pale katikati, usiopita begani. Mkanda huo haufai kabisa kwa mtoto wa kiti cha kuinulia, kwa sababu katika ajali mwili wa juu unarushwa mbele na tumbo linabeba uzito wote. Mimi niliziacha gari tatu kwa sababu hiyo peke yake, mojawapo ikiwa na injini safi kuliko zote nilizowahi kusikia.

Funga viti, funga milango, kisha kaa mwenyewe pale nyuma dakika tano AC ikiwa imewashwa. Hewa inafika? Je, mtoto ataona nje? Kufuli za watoto kwenye milango zinafanya kazi? Mtoto wetu wa kati anatapika kila tukipanda kona za Mombo kwenda Lushoto, kwa hiyo kwetu kioo cha nyuma kinachoshuka mpaka chini ni lazima.

Hatua ya tano: bodi, namba na karatasi

Huku kwetu watu wanasema "ni namba D hiyo" kama vile herufi ni umri wa gari. Herufi ya namba inaonyesha gari ilisajiliwa lini Tanzania tu. Gari ya 1999 inaweza kuwa namba D, na ya 2004 ikawa namba B. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi, halafu uulinganishe na kibao cha chuma kwenye chumba cha injini, penye namba ya chesisi, aina ya injini na namba ya rangi. Lebo chini ya mkanda wa kiti mara nyingi ina tarehe pia. Ikipishana sana na mwaka wa gari, uliza mkanda ulibadilishwa kwa nini. Mara nyingi jibu ni ajali.

Pita pembeni ya gari wakati wa jua la asubuhi, si saa sita. Rangi iliyopakwa upya inaonekana kwa mawimbi. Tazama mwanya kati ya boneti na fenda pande zote mbili, uone kama unalingana. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, gusa chini yake: unyevu, mikunjo ya bati au dalili za kuchomelea ni habari mbaya. Gari iliyoishi karibu na bahari, Kigamboni, Tanga au Unguja, ikague kutu kwenye kingo za milango na chini ya mataa ya nyuma.

Kilomita za dashibodi usiziamini. Amini mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Kilomita 80,000 haziwezi kulainisha pedali mpaka chuma kinaonekana.

Hatua ya sita: injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, muulize kwa upole kwa nini, na panga kurudi siku nyingine. Mimi nilirudi Morogoro mara ya pili kwa ajili hiyo, na asubuhi ile ya pili injini ilitoa moshi wa bluu ambao joto lilikuwa limeuficha.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usioisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia ndani. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi, na mara nyingi dawa yake ni nafuu. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado baridi: ukiona oili inaelea, au mapovu yasiyokoma ikiwashwa, gasketi ya silinda hedi imekufa. Kwa Subaru chungulia pia chini, pale hedi inapoungana na bloku, kila upande, utafute maji au oili. EJ25 ya lita 2.5 inajulikana kwa ugonjwa huo kuliko EJ20.

Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwa injini hizi ni kila kilomita 100,000 hivi. Jibu la "bado mzima" lichukulie kuwa haujabadilishwa. Kwenye EJ20 mkanda ukikatika vali zinagonga pistoni, na hapo utanunua injini nyingine. Ukiubadilisha, badilisha na pampu ya maji na puli zake kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Hatua ya saba: iendeshe kama utakavyoishi nayo

Usiiendeshe peke yako. Mpeleke mwenzio, na mmoja wenu akae nyuma. Mama watoto, akiwa nyuma, alisikia boljointi iliyochoka ambayo mimi mbele sikuisikia hata kidogo.

Weka D kutoka N, kisha R. Gia iingie ndani ya sekunde moja bila kishindo. Tafuta tuta, lipite polepole na usikilize bushi na shokapu. Tafuta mlima, ukanyage. Kwa gari ya tairi nne kama Forester, ingia kwenye uwanja mpana, kata usukani mpaka mwisho na uzunguke taratibu: gari ikisita na kurukaruka kama inashikwa breki, mfumo wa kugawa nguvu una tatizo. Tazama pia kama tairi zote nne ni za aina moja na zimelika sawasawa. Kwa gari hizi tairi zenye vipimo tofauti zinauchosha mfumo huo mpaka uharibike. Umri wa tairi usome kwenye tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Forester nyingi zina shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe gari ikibeba mzigo. Zikichoka, nyuma inakaa chini kama bata, na mpya zake ni ghali. Mimi nilifunga shokapu za kawaida na springi zake, na gari imesimama vizuri.

Na mwisho wa jaribio, jiulize kwa uaminifu: je, ulitabasamu? Hilo nalo ni kipimo. Gari ya zamani itakudai uvumilivu, na usipoipenda hutakuwa nao.

Hatua ya nane: fundi wako, pesa yako

Lipia ukaguzi, na fundi awe wako, asiwe wa muuzaji. Gereji moja niliyopelekwa na muuzaji iliniambia gari "haina hata kelele"; fundi wangu aliipandisha juu akakuta stiaringi boksi inavuja. Mwombe aipime kwa kompyuta, aiinue, na aandike kila kasoro na bei ya spea. Karatasi hiyo ndiyo silaha yako ya kupatana.

Kabla ya kulipa, angalia madeni: faini za trafiki na maegesho ya TARURA vinakaguliwa kwa namba ya gari. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Andikishaneni mkataba mbele ya wakili, lipia benki, na uhamishe umiliki TRA wiki hiyohiyo. Usikubali kuachiwa kadi yenye jina la mtu aliyehamia mkoa mwingine.

Wiki nne za kwanza

Badilisha oili ya injini, ya gia boksi, ya difu, maji ya rejeta na mafuta ya breki, hata ukiambiwa yamebadilishwa jana. Mkanda wa taimingi kama hauna risiti. Kisha daftari dogo kwenye dashibodi: tarehe, kilomita, kilichofanyika, bei.

Safari ya kwanza isiwe Moshi. Sisi tulikwenda Bagamoyo Jumapili, watoto wote watatu nyuma, mkubwa katikati kwa sababu ndiye pekee aliyeenea pale. Tulitoka na tangi limejaa, tukala pweza ufukweni, tukarudi kabla ya giza. Nilipofika nyumbani niliweka katoni chini ya injini, na asubuhi nikaenda kuitazama kabla hata ya kunywa chai. Ilikuwa kavu.